UJASIRIAMALI: Bangili inang'aa, lakini shaba yake ilitoka wapi?

NDANI ya gunia nililokuwa nikipekua siku hiyo mlikuwa na kufuli kuukuu, mifereji iliyovunjika, bawaba za mlango na, chini kabisa, mita ya maji. Kioo chake kilikuwa kimeng'olewa. Nambari zilizochongwa ubavuni zilikuwa zimesuguliwa kwa tupa, ila mbili za mwisho bado zilisomeka.

Nilinyamaza kidogo. Wiki tatu kabla ya hapo, ploti yetu iliamka bila mita. Mwizi aliikata usiku, na kwa siku kadhaa tukawa tunapanga foleni na mitungi kwa muuza maji, Sh20 kila mtungi. Sikuwa na ithibati kwamba hii ndiyo ile yetu. Lakini ilikuwa ya watu fulani, na watu hao pia walikuwa wakibeba mitungi mahali.

"Hii imetoka wapi?" nikamuuliza mwenye yadi.

Akacheka. "Siste, wewe unanunua shaba ama unanunua habari?"

Swali lake nimetembea nalo hadi leo. Mimi ni mmoja wa vijana wengi jijini Nairobi wanaojitafutia riziki kwa kutengeneza mapambo: bangili, vipuli na pete za shaba ya njano, ile ambayo mafundi huiita brasi. Kwenye ukurasa wangu wa Instagram nilikuwa nimejigamba kwamba bidhaa zangu "hazimuumizi mtu". Kumbe sikuwa nimewahi kuuliza.

Kutoka kufuli hadi bangili

Kazi hii nilifundishwa Kibera, ambako mafundi wa juakali wamegeuza mabaki kuwa mapambo kwa miaka mingi. Mifupa na pembe za ng'ombe kutoka vichinjioni huchemshwa kuondoa mafuta, hukatwa, hupigwa msasa na kupakwa rangi hadi ziwe shanga. Shaba nayo hupatikana kwenye vitu ambavyo watu wametupa.

Brasi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Unaivunjavunja, unaitia kwenye chungu cha kuyeyushia juu ya makaa yanayopulizwa kwa feni, na inapopita nyuzi 900 za joto inakuwa uji. Uji huo humwagwa kwenye kalibu ya mchanga ulioshindiliwa. Ikishapoa, kinachobaki ni nyundo, tupa, msasa na subira.

Kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi wanapoanza. Moshi mweupe unaotoka kwenye chungu ni wa zinki, na ukiuvuta sana unaweza kushikwa na homa na kutetemeka usiku huohuo, udhani ni malaria. Ndiyo maana Mzee, fundi wangu, huyeyushia nje, mgongo ukiwa kwa upepo. Barakoa ya kitambaa haitoshi kuuzuia.

Hesabu za oda kubwa

Siku ile ya gunia nilikuwa na haraka. Mwenye duka moja la zawadi alikuwa ametaka bangili 150 kwa Sh400 kila moja, zifike baada ya wiki mbili. Mimi huuza bangili moja Sh800 kwa mteja wa rejareja. Lakini oda ya 150 kwa mkupuo sikuwa nimewahi kuiona.

Hebu tupige hesabu pamoja. Bangili moja hula gramu 100 za shaba. Kwa bei ya Sh600 kwa kilo, hiyo ni Sh60. Makaa, mchanga na msasa Sh40. Malipo ya Mzee Sh200. Kifuko Sh20. Boda na ada za M-Pesa Sh30. Jumla Sh350. Faida ni Sh50 kwa bangili, yaani Sh7,500 kwa oda nzima.

Yadi ile ilikuwa ikiuza kilo kwa Sh450. Kwa kilo 15 nilizohitaji, ningeokoa Sh2,250. Na kama ningemshusha Mzee hadi Sh120, ningeongeza Sh12,000 mfukoni. Kodi ya nyumba ilikuwa imechelewa. Nadanganya nikisema sikuwaza.

Hapo ndipo vijana wengi tunajikwaa. Mteja akitaka bei ya chini, ni nadra sana tupunguze faida yetu. Tunapunguza ya fundi, kwa sababu yeye ndiye hana mahali pa kulalamika, ama tunatafuta malighafi ya bei rahisi na kufumba macho.

Niliacha gunia pale. Nikampigia mwenye duka nikamwomba Sh480 kwa bangili na wiki nne. Akanijibu kwa upole kwamba atatafuta mtu mwingine. Sina shaka alimpata.

Nilidhani Mzee angenipongeza. Haikuwa hivyo.

"Ungeniuliza kwanza, mama," alisema, bila kuinua macho kwenye tupa yake. "Hiyo ilikuwa kazi yangu pia. Wewe umelinda jina lako, lakini mimi karo ya mtoto nitalipa na nini?"

Alikuwa na haki. Oda ya bangili 150 ilikuwa Sh30,000 kwake, na nilikuwa nimeikataa kwa niaba yake kana kwamba ni yangu peke yangu. Nilijifunza siku hiyo kwamba kufanya biashara kwa uadilifu hakuishii kwa kumlipa fundi vizuri. Naye awe na sauti mnapoamua.

Uliza, kisha andika

Tulikaa chini tukapanga upya. Sasa shaba nyingi tunainunua kwa mafundi wa mabomba wanaobadilisha mifereji ya zamani, na kwa wenye maduka ya kufuli. Nina daftari: tarehe, uzito, aina ya kitu, jina na nambari ya simu ya aliyeniuzia. Mita za maji, vipande vya nyaya za stima na vifaa vyenye nambari zilizofutwa hatugusi. Ni polepole. Wiki nyingine tunapata kilo tatu tu, na kuna wateja tumewapoteza kwa kuchelewa.

Hili si suala la dhamiri tu. Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 inawataka wanaofanya biashara hiyo wawe na leseni na waweke rekodi. Na Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukosa stima, Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alipiga marufuku biashara yote ya vyuma vikuukuu. Marufuku hiyo iliondolewa miezi michache baadaye, lakini ilionyesha jinsi uhalifu wa wachache unavyoweza kuwafungia riziki hata walio safi.

Wanaotumia malighafi kutoka kwa wanyama nao wawe macho. Pembe za ndovu ni mwiko: Kenya iliteketeza shehena yake mwaka wa 1989, na tena mwaka wa 2016 ikachoma zaidi ya tani 100 katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Magamba ya kasa pia usiyaguse, hata ukiambiwa eti yaliokotwa ufuoni. Mfupa wa ng'ombe unatosha, na ukipigwa msasa vizuri unapendeza.

Mwambie mteja ukweli

Uadilifu pia uko kwenye maneno ya tangazo. Nilikuwa nikiandika "shanga za asili ya Kenya" hadi nilipojua kwamba shanga nyingi ndogo za kioo zinazotumiwa hapa, hata katika ushonaji wa Kimaasai, huletwa kutoka nje, zikiwemo za Jamhuri ya Czech. Ushonaji ndio wetu, na si jambo dogo. Sasa naandika hivyo. Ukitaka shanga zilizofinyangwa hapahapa, zipo: Kazuri, kiwanda cha Karen kilichoanzishwa mwaka wa 1975 na Susan Wood pamoja na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao, hutengeneza za udongo.

Vivyo hivyo, usiuze brasi kama dhahabu. Mwambie mteja kwamba shaba inaweza kuacha rangi ya kijani mkononi akitoka jasho, na kwamba ndimu na kitambaa laini huirudishia mng'ao. Kama masikio yake huwasha, muulize kama nikeli humdhuru kabla ya kumuuzia vipuli, kwa sababu ndoano za bei rahisi mara nyingi huwa nayo. Kuna wateja waliosikia hayo wakaniachia mzigo. Wengine walirudi na marafiki.

Kwa kijana anayetaka kuanza, ushauri wangu ni mfupi. Anza na koleo, tupa na bidhaa mbili tatu unazozijua vizuri. Andika gharama zote, pamoja na muda wako. Kubaliana na fundi malipo kabla ya kutaja bei kwa mteja, na oda kubwa ikija, ijadilini pamoja.

Mwezi uliopita duka jingine liliagiza bangili 40 kwa Sh520. Nilimwonyesha Mzee ujumbe kwenye simu kabla ya kujibu. Akausoma polepole, akafuta mikono kwenye aproni.

"Shaba iko?" akauliza.

"Kilo mbili na nusu."

"Basi waambie wiki tatu."