Saratani 'hula' vipi? Neno kimeng'enya na ua wa seli

Ukiketi na wazee wa Njoro, Molo ama Kuresoi, utawasikia wakisema juu ya marehemu: "Ule ugonjwa ulimla ndani kwa ndani." Hospitalini mgonjwa huyo huyo aliambiwa ana "uvimbe". Kati ya kauli hizi mbili, ya wazee ndiyo iliyo karibu zaidi na sayansi. Uvimbe ni neno la kitu kilichotulia, kama nundu. Ndiyo maana mtu huuliza, "Sasa kama hauniumi, haraka ya nini?" Juma hili tuitazame haraka hiyo inatoka wapi.

Tuanze na majina. Saratani ni neno la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kaa, yule mwenye magando. Kansa limetoka katika Kilatini, nalo pia maana yake ni kaa. Waliotoa majina haya waliuona uvimbe ukinyoosha miguu ndani ya nyama iliyo jirani. Je, miguu hiyo hupenyaje?

Chukua mfano wa umio, njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni. Seli zinazoufunika kwa ndani zimekaa juu ya utando mwembamba uliofumwa kwa protini, hasa kolajeni. Utando huo ni kama ua wa umeme uliozungushiwa Mbuga ya Ziwa Nakuru: kilicho ndani hubaki ndani. Nje ya ua kuna mishipa ya damu na ya limfu. Seli zikizaana ovyo huku zimebaki ndani, tatizo bado ni la mahali pamoja. Zikivuka, zimepata barabara ya kwenda kwenye ini na mapafu.

Seli hizo hazivuki kwa kusukumana tu. Huukata ua, na mkasi wao ni kimeng'enya. Neno hili limetokana na kumeng'enya, kile tumbo linachofanya kwa chakula. Vipo zaidi ya 20 vya jamii hii mwilini, vinavyoitwa metaloproteinasi kwa kuwa hufanya kazi kwa msaada wa madini ya zinki. Cha kwanza kilitambuliwa mwaka 1962 na Jerome Gross na Charles Lapière, waliochunguza mkia wa kiluwiluwi: mkia huo huyeyuka anapogeuka chura. Kwa hiyo si silaha ya saratani peke yake. Hata kidonda chako hupona kwa sababu vimeng'enya hivi huondoa tishu iliyoharibika.

Tofauti iko kwenye swichi. Kila seli ina jeni za kutengeneza mikasi hii, ila nyingi huwa zimezimwa. Mwili unapojeruhiwa, ujumbe hugusa vipokezi vilivyo juu ya seli, kisha hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini. Humo protini mbili, Fos na Jun, huungana na kushika mwanzo wa jeni, nayo jeni huanza kusomwa. Kidonda kikifunga, ujumbe hukatika. Katika seli ya saratani, jeni za wapokezanaji wenyewe zimeharibika, basi ujumbe haukatiki: swichi imekwama ikiwa imewashwa. Isitoshe, seli hizo huwatuma majirani wazima nao watengeneze mikasi.

Katika miaka ya 1990 watafiti walijaribu dawa za kuizuia mikasi hii. Wagonjwa wengi waliumwa viungo, na maisha yao hayakurefuka kama ilivyotarajiwa. Baadhi ya vimeng'enya vilivyozuiwa vilikuwa na kazi njema, na kwa wengi ua ulikuwa umekatwa kitambo.

Hapo ndipo habari ya Bomet, kusini-magharibi mwa Nakuru, inapotuhusu. Mwaka 2016 watafiti wa Hospitali ya Tenwek walichapisha matokeo ya kuwachunguza umio watu 305 wasio na dalili yoyote. Asilimia 14.4 walikuwa na seli zilizokwisha kubadilika lakini zikiwa bado ndani ya ua. Si wote wangepata saratani, ila huo ndio wakati ambapo tiba ni nyepesi.

Kwetu wapenzi wa lugha kuna kazi mbili. Ya kwanza, tuache kusema "saratani ya koo" tunapokusudia umio. Anayekwamwa na ugali kifuani na kuusukuma kwa maji hudhani ni koo tu, akanunua peremende dukani badala ya kwenda kupigwa picha ya kamera. Ya pili, anayemweleza mgonjwa asiishie kwenye "uvimbe". Aseme kama wazee: "Huu unakula, na bado haujavuka ua," ama, "umeshavuka." Mgonjwa ataelewa kwa nini ameambiwa arudi Jumatatu wala si mwezi ujao.