Kina cha Mto Si Kiasi cha Maji

Uliza Kericho au Bomet ni nani anayekausha mito, na majibu hayakawii: ni mashamba makubwa ya chai, ni mikaratusi iliyopandwa iwe kuni za viwanda, ni wakulima waliofyeka msitu wa Mau. Kila jibu lina watetezi wake. Ajabu ni kwamba sehemu ya mabishano haya ilikwisha kupimwa papa hapa, miaka zaidi ya 60 iliyopita, tena kwa uangalifu ambao ni nadra kuukuta leo.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, H. C. Pereira na wenzake wa Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki walichagua mabonde madogo mawili jirani katika msitu wa Mau Kusini-Magharibi. Moja ni Lagan, lenye takriban hekta 540, ambalo liliachwa na miti na mianzi yake. La pili ni Sambret, lenye takriban hekta 700, ambalo sehemu yake kubwa ilifyekwa na kupandwa chai. Kabla ya panga la kwanza kushuka, mvua na mtiririko vilianza kupimwa kwenye mabonde yote mawili, na kazi hiyo ikaendelea hadi miaka ya 1970. Ilionekana kwamba udongo ulichukuliwa na maji zaidi wakati wa kufyeka, kisha hali ikatulia chai ilipofunika ardhi. Chai iliyokomaa nayo haikutumia maji mengi kuliko msitu.

Matokeo hayo yasitumiwe kuhalalisha ukataji wa Mau. Sambret lilikuwa shamba la kampuni, lenye mistari iliyofuata kontua na mitaro iliyotunzwa. Shamba dogo la mlimani, ambako ng'ombe hushuka mtoni kila siku kwa njia ileile, ni habari nyingine kabisa. Kuanzia 2014 watafiti walirudi Mau na vihisi vinavyorekodi kila dakika 10, wakalinganisha bonde la msitu, la chai na la wakulima wadogo. Mto wa bonde la wakulima wadogo ulibeba udongo mwingi mara kadhaa kuliko ile mingine miwili.

Jambo ambalo watu wengi hawaambiwi kuhusu upimaji wa mito ni hili: kusoma bao la sentimita lililosimikwa mtoni hakutoshi. Bao hueleza kina tu. Ili kujua ni mita ngapi za ujazo zinazopita kwa sekunde, fundi lazima aingie mtoni na kifaa cha kupima kasi ya maji, apime pia upana na kina kutoka ukingo hadi ukingo, na kurudia kazi hiyo mto ukiwa chini, wa wastani na umejaa. Ndipo unapopatikana mchoro unaogeuza kina kuwa kiasi. Mafuriko yakihamisha mchanga, mchoro huo huharibika na kazi huanza upya. Siku za mto kufura ndizo ngumu na za hatari kupima, kwa hiyo mara nyingi takwimu za mafuriko huwa makadirio tu.

Upungufu wa vipimo vya kiangazi nao una gharama yake. Kanuni za maji za Kenya za 2007 zilitaka kila mto uachiwe akiba isiyopungua kiasi ambacho mtiririko wake hukifikia au kukipita katika asilimia 95 ya siku. Akiba hiyo ni ya watu kunywa na ya viumbe vya mtoni, na huja kabla ya yeyote mwenye kibali cha kuvuta maji. Sasa fikiria rejista iliyokosa miezi ya ukame kwa sababu msomaji hakulipwa au bao lilisombwa. Hesabu itaonyesha mto wenye maji mengi kuliko uliopo, na vibali vitatolewa kwa maji hayo yasiyokuwepo. Nyangores, upitao mji wa Bomet, huungana na Amala kuwa Mara, mto ambao wanyama wa Serengeti huutegemea kiangazi. Kipsonoi na Itare huishia Sondu, unaoendesha mitambo ya umeme ya Sondu-Miriu ya megawati 60. Kosa la hesabu huku juu hulipwa na watu wa mbali.

Mkulima wa chai hakubali kilo zake zikadiriwe kwa macho pale kituoni. Anayevuta maji mtoni kwa pampu naye apimiwe kwa mita, awe na shamba kubwa au dogo.

Wasomaji wa mabao wapo. Kuanzia 2016, mabao 13 katika bonde la Sondu yaliwekewa vibao vya kuwaomba wapita njia watume kina kwa ujumbe mfupi wa simu. Katika mwaka wa kwanza zaidi ya watu 100 walituma vipimo zaidi ya 1,000 vilivyofaa. Wengi walituma mara chache, na wachache waaminifu wakabeba kazi kubwa. Kwa maoni yangu, hao wachache ndio wa kuajiriwa: mkazi mmoja kwa kila daraja, alipwe kila mwezi kupitia chama cha watumiaji wa maji, na usomaji wake uwe wazi kwa kila mtu. Mashamba ya chai nayo yamekuwa yakiandika mvua kwa miongo mingi. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ikiyaomba madaftari hayo, ikayaunganisha na vipimo vya mito, inaweza kukokotoa upya akiba ya Nyangores na Kipsonoi kabla ya kutia saini kibali kingine.