Matemwe hadi Dodoma: Ndege ya Nini, Bwana?

Hebu niambie msomaji wangu, ukipanda ndege unaona nini zaidi ya mawingu na kisogo cha aliyekaa mbele yako?

Rafiki yangu wa Matemwe aliitwa kwenye usaili Dodoma. Kijana kashapiga hesabu zake: ndege hadi Dar dakika 20 tu, aunganishe nyingine, mchana yuko Dodoma anakunywa soda. Shangazi yake akamtazama. “Pesa za ndege umeziokota wapi, mwanangu?”

Mie nikadakia: twende na SGR!

Wengi tunadhani treni ni mambo ya bara. Wapi! Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alikuwa na reli yake ya kwendea Chukwani. Halafu kuanzia 1905 treni ikawa inatoka Ngome Kongwe, inajipenyeza katikati ya mji mpaka Bububu, maili 7 hivi. Wapo wanaoapa kuwa jina Bububu ni mlio wa treni ile. Wengine wanasema ni chemchemi zinavyobubujika. Chagua mwenyewe. Magari yalipoingia abiria wakahama, na safari zao zikakoma 1922.

Basi, alfajiri tukadaka dala namba 118 hadi mjini, tukapanda boti ya asubuhi pale Malindi, saa mbili hivi tuko Dar. Stesheni ya SGR haiko mbali na bandari. Treni hizi zilianza kwenda Dodoma Julai 2024, na nauli ya kawaida ilipoanza ilikuwa Sh. 31,000. Mwendo hadi kilomita 160 kwa saa, na chai yako haimwagiki! Ukifika Morogoro milima ya Uluguru hii hapa, ukifika Kilosa unaingia kwenye mahandaki, giza tupu, watoto wanapiga kelele. Saa tatu na nusu hivi, Dodoma.

Tena treni hii inatumia umeme, na siku hizi umeme wetu mwingi unatoka kwenye maji, likiwemo Bwawa la Nyerere kule Rufiji. Ndege inakunywa mafuta vibaya sana inapopaa, kwa hiyo safari fupi ndiyo hasara zaidi. Ufaransa mwaka 2023 walipiga marufuku baadhi ya safari za ndege za ndani pale ambapo treni inafika chini ya saa mbili na nusu. Sisemi boti haina moshi. Inao, tena mwingi, na bahari hatuwezi kuivuka kwa miguu.

Unauliza moshi unamhusu nini mtu wa Matemwe? Kamuulize yule shangazi. Analima mwani. Zamani alipanda cottonii, ule wenye bei nzuri, lakini maji yakipata joto unaoza kwenye kamba. Sasa kabaki na spinosum, bei yake kichekesho. Matumbawe ya Mnemba nayo joto likizidi yanageuka meupe. Na wageni wanaruka saa kumi angani kuja kuyaangalia!

Shangazi hajapanda ndege hata siku moja. Tulipomuaga alitaka kitu kimoja tu: zabibu za Dodoma. Tumezibeba mapajani, treni na boti, hadi kwenye 118. Zimefika nzima, isipokuwa zile tulizozila njiani.