Pikapu ya Kambi: Inchi Mbili Zatosha

Mpanda ngazi hushuka, walinena wahenga, na siku hizi methali hiyo yawahusu hata wenye magari. Huonekana barabarani pikapu iliyoinuliwa mpaka mwenyewe akitaka kuingia hana budi kujivuta kama anayekwea mnazi. Ukimwuliza sababu, atakwambia kuwa hilo ni gari la kwendea kambini. Je, kambi yahitaji urefu wote huo?

Jawabu letu ni kuwa haihitaji. Kwa jamaa wanaoondoka pwani Ijumaa baada ya sala, wakalale Shimba Hills au Tsavo Mashariki na kurudi Jumapili, kuinua gari kwa inchi 2, yaani kiasi cha sentimita 5, kwatosha. Na hizo nazo zitafaa tu iwapo zimechaguliwa kwa kufuata mzigo, si kwa kufuata macho ya watu.

KINACHOINUKA NI NINI?

Pikapu nyingi za miaka ya karibuni, kama vile Toyota Hilux na Isuzu D-Max, mbele zina springi za mviringo, na nyuma zina springi za mapande marefu ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Ukibadilisha springi hizo, kinachopanda ni chesisi na bodi. Difu ya nyuma haipandi hata kidogo, kwa sababu imo ndani ya ekseli, na ekseli imeshikwa na magurudumu. Cha kuinua difu ni tairi kubwa, nayo huinua kwa nusu tu: kipenyo cha tairi kikizidi sentimita 5, difu hupanda sentimita 2 na nusu.

Basi faida ya inchi 2 ni ipi? Ni tumbo la gari kupita salama juu ya tuta lililo katikati ya njia ya gari, na pua yake kutojikwaruza panaposhuka na kupanda kwa ghafla. Aliyevuka Likoni maji yametoka, akaona gari la chini likisugua pua kwenye mlango wa feri, hahitaji maelezo zaidi.

Ama kwenye mchanga, kama ule wa mikondo mikavu ya Tsavo, urefu hausaidii sana. Hapo dawa ni kupunguza upepo wa tairi ili zitandae, na kuujaza tena ukifika barabara nzuri. Pampu ndogo ya upepo ni rahisi kuliko springi, na huokoa watu wengi zaidi.

HESABU MZIGO KWANZA

Gari la kambi aghalabu huharibika mwendo kwa sababu nyuma imechuchumaa. Mzigo umelemea springi, pua imetazama juu, usukani umekuwa mwepesi na taa zinawapiga machoni wenye kuja. Kwa hiyo kabla ya kumwendea fundi, keti na karatasi uhesabu.

Maji lita 1 ni kilo 1. Watu 5 kwa siku 2, kila mmoja lita 5 za kunywa na kupikia kwa siku, ni lita 50. Tena Waislamu tuna mzigo ambao wauzaji wa vifaa vya kambi hawauhesabu: maji ya udhu. Imepokewa kuwa Mtume (S.A.W.) alitawadha kwa mudi moja, kipimo ambacho kwa Mashafii hakifiki lita moja. Tukikadiria robo tatu za lita, watu 5 kwa sala 5 za siku 2 ni lita 37 na nusu. Msafiri anayejumuisha sala huenda akatumia pungufu, lakini nyikani ni bora maji yabaki. Hapo tayari tuna karibu kilo 90 kabla ya sufuria ya kwanza kupakiwa. Dizeli lita 20 ni kilo 17 hivi. Hema la juu ya gari hupata kilo 60. Ongeza chakula, magodoro, mikeka na tairi ya akiba ya pili, kilo 300 hazi mbali, na watu bado hawajapanda.

Kampuni za Australia, kama Old Man Emu na Dobinsons, huuza springi kwa kadiri ya uzito ambao gari hubeba daima. Hapo ndipo wengi hukosea. Mtu hununua springi za kilo 300, ilhali siku 340 za mwaka gari li tupu. Matokeo yake ni gari kurukaruka, na mama mzazi akashuka akishika kiuno. Asafiriye mara chache achukue springi za mzigo wa wastani. Aliyefunga hema na sanduku za vyombo moja kwa moja ndiye astahiliye zile nzito. Na ijulikane kuwa springi ngumu haziongezi uzito ulioruhusiwa na kiwanda, kwani breki, ekseli na chesisi ni zile zile.

Springi hubeba, shokamzoba hutuliza. Kwenye njia ya vumbi yenye mawimbi, shokamzoba dhaifu hupata moto, mafuta yake yakafanya povu, na gari likaanza kuteleza kama lililo juu ya kokoto. Nunua vyote viwili pamoja, vilivyotengenezwa kufanya kazi pamoja. Vipande vya kutia juu ya springi kuukuu ni rahisi, lakini huinua tu. Uchovu wa springi haviutibu.

KWA NINI TUSIZIDISHE?

Ukipita inchi 2, shafti za mbele hukaa mshazari, na jointi zake na mipira yake huchakaa upesi. Mipira ya breki nayo huweza kuvutika gurudumu likining'inia. Hata kwa inchi 2, usitoke gereji kabla ya kupimiwa magurudumu upya na kurekebishwa taa. Iulize pia kampuni yako ya bima kabla ya kazi kuanza.

Lakini hatari kubwa zaidi mabaharia wetu waliijua kabla ya magari kufika. Jahazi bila farumi chini huenda mrama hata likiwa jipya. Gari lililoinuliwa sana, lenye hema na madumu juu ya paa, ni jahazi lisilo farumi, na kona moja ya haraka yatosha kulilaza na wote waliomo. Basi maji yawe sakafuni karibu na kichwa cha gari, na paani pawe na vyepesi tu.

Tena mkumbuke mtakaofuatana nao. Bibi aliyevaa buibui na mtoto wa miaka 6 wana haki ya kupanda garini kwa staha, bila kubebwa. Kama hawawezi, gari limewapita waliokusudiwa.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mzigo ukae huko huko chini, na gari lisimame kwa kiasi, ili jamaa waliotoka Ijumaa warudi Jumapili wote salama.