Daftari la Zahanati Lina Kazi Gani?



Unapofika zahanati, mganga hakupi dawa mara moja. Kwanza anakuuliza jina lako, umri wako na kijiji unachotoka. Halafu anaandika katika daftari kubwa. Foleni ni ndefu, mtoto analia, nawe unaona mganga anapoteza wakati. Wengine hunung'unika: "Tumekuja kutibiwa, hatukuja kuandikishwa."

Je, daftari hilo lina kazi gani? Nani analisoma?

Daftari hilo ni moja kati ya vitabu vya MTUHA. Maana ya MTUHA ni Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Kila kitabu kina namba yake. Kitabu namba 5 ni cha wagonjwa wa nje. Namba 6 ni cha wajawazito. Namba 7 ni cha watoto. Mwezi ukiisha, wahudumu wanahesabu. Wagonjwa wa malaria walikuwa wangapi? Watoto wangapi walichanjwa surua? Akina mama wangapi walijifungulia zahanati? Hesabu hiyo inakwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Katika taarifa hiyo ya mwezi majina hayaendi. Zinakwenda namba tu.

Wilayani namba zinaingizwa katika kompyuta. Vituo vingine vyenye kompyuta huingiza vyenyewe. Mpango wa kompyuta unaotumika unaitwa DHIS2. Ulianza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Oslo cha Norwei. Hapa Tanzania ulienea nchi nzima mwaka 2013, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi kubwa ya kuutengeneza ufae kwetu. Namba ikishaingia, mkoa unaiona. Wizara ya Afya kule Dodoma nayo inaiona.

Zamani haikuwa hivyo. Chanjo ilikuwa na fomu zake. Uzazi ulikuwa na fomu zake. Malaria, ukoma na kifua kikuu vivyo hivyo. Muuguzi mmoja katika zahanati ya kijiji alijaza fomu nyingi zinazouliza jambo lile lile. Namba zilipofika juu, zilikuwa hazipatani. MTUHA ilianzishwa miaka ya 1990 ili kuziunganisha. Hata baada ya hapo fomu za pembeni zilizidi kuzaliwa, hasa ulipoingia ugonjwa wa Ukimwi na wafadhili wengi. Kila mfadhili alitaka hesabu yake. Kazi ya kuziunganisha bado inaendelea.

Lakini iko hesabu moja ambayo Tanzania iliifanya vizuri mapema, na dunia ikaja kujifunza kwetu. Ni hesabu ya kifua kikuu.

Mwaka 1977 serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Aliyesaidia kuupanga ni Daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia. Yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu alipokuwa mfungwa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Shauri lake lilikuwa rahisi. Kila mgonjwa aandikwe katika rejesta ya wilaya. Kila miezi mitatu wilaya itoe taarifa. Taarifa hiyo isiseme tu kwamba wagonjwa 50 walianza dawa. Iseme pia wangapi kati yao walipona, wangapi walikufa, wangapi walihama na wangapi walitoroka matibabu.

Hapo ndipo penye maana, ndugu msomaji. Kuhesabu wanaoanza ni rahisi. Anayehesabu waliomaliza ndiye anayejua kama dawa inafanya kazi. Utaratibu huo wa Tanzania ulipoonekana kufaulu, Shirika la Afya Duniani liliuchukua katika miaka ya 1990. Leo nchi nyingi zinaandika wagonjwa wao kwa namna hiyo.

Sasa tutazame hapa kwetu. Tuseme kijana anafanya kazi katika duara huko Mwakitolyo, mkoa wa Shinyanga. Anavuta vumbi la mawe kila siku. Vumbi hilo huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Anakohoa wiki mbili. Anakwenda kupimwa makohozi, anaonekana ana kifua kikuu, anaanzishiwa dawa. Dawa zake kwa kawaida ni za miezi 6, na katika vituo vya serikali hazilipiwi.

Baada ya mwezi mmoja anajisikia nafuu. Kikohozi kimepungua, nguvu zimerudi. Inasikika habari kwamba dhahabu imetoka Nyarugusu, mkoa wa Geita. Anafunga mzigo wake usiku na kuondoka na wenzake. Hamwambii mtu.

Katika rejesta ya kituo alikotoka, kijana huyu ameandikwa ametoroka. Kule alikokwenda hajulikani. Analala na wenzake wanane katika kibanda kimoja cha maturubai. Dawa zikimwishia, ugonjwa unarudi, na mara hii unaweza kuwa sugu. Kifua kikuu sugu kinatibiwa kwa dawa nyingine zilizo kali zaidi. Wale wenzake wanane nao wamo hatarini.

Kama angeaga kituoni, angepewa barua ya uhamisho. Kituo cha Geita kingemwandika na kumwendeleza pale alipofikia. Kituo cha Shinyanga kingepata jibu kwamba amefika. Kwa kifua kikuu habari za kila mgonjwa siku hizi huingizwa katika kompyuta, kwa hiyo kumtafuta ni rahisi kuliko zamani. Lakini kompyuta haimjui mtu aliyebadili jina. Na hapa ndipo tunapojikwamisha sisi wenyewe. Mtu mmoja ana jina la ubatizo, jina la ukoo, jina alilopewa na bibi, na jina la utani la machimboni. Zahanati moja anataja hili, nyingine anataja lile. Chagua majina yako, yataje hayo hayo kila mahali. Namba ya kitambulisho cha taifa au ya simu husaidia pia.

Mipaka ya mikoa nayo huhama. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Bukombe ilikuwa mkoa wa Shinyanga, Geita yenyewe ilikuwa Mwanza, na Chato ilikuwa Kagera. Ugonjwa haukuuliza mpaka. Hesabu zikiwa mahali pamoja, mkoa mpya hauanzi bila kitu.

Liko tatizo jingine la machimboni. Dawa na chanjo hupangwa kwa kutazama idadi ya watu, na idadi hiyo hutoka katika sensa. Sensa ya mwisho ilikuwa mwaka 2022. Dhahabu ikitoka mwaka huu katika kijiji cha watu 2,000, wanaweza kufika wengine 5,000 kwa muda mfupi. Karatasi bado inasema 2,000. Hapo utaona zahanati imechanja watoto asilimia 150, jambo lisilowezekana, na bado wako watoto wasiochanjwa. Anayesoma namba hiyo wilayani asiseme mhudumu ni mwongo kabla ya kufika kijijini. Pengine watu wameongezeka. Pengine kweli mhudumu alijaza kitabu jioni kwa kukisia, maana hilo nalo hutokea, hasa pale penye mhudumu mmoja na wagonjwa mia.

Hesabu nzuri inaweza kuokoa watu. Mwishoni mwa miaka ya 1990, wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini zilipata hesabu za vifo zilizokusanywa nyumba kwa nyumba. Wakuu wa afya wakaona jambo la ajabu. Malaria ndiyo iliyokuwa ikiua zaidi, lakini ilipewa sehemu ndogo tu ya fedha. Wakabadili bajeti ifuate magonjwa. Fedha zilizoongezwa zilikuwa chini ya dola moja kwa kila mtu kwa mwaka. Katika miaka michache vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa kiasi cha asilimia 40.

Wapo wanaoogopa. Wanasema: "Wakiandika ugonjwa wangu, kijiji kizima kitajua." Hofu hiyo si ya kuchekwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda habari za mtu, na habari za afya zimo. Mhudumu hana ruhusa ya kutangaza ugonjwa wako kilabuni. Akifanya hivyo, mpeleke kwa wakuu wake.

Basi tunza kadi ya kliniki ya mtoto na yako mwenyewe. Iweke katika mfuko wa nailoni, mvua isiiloweshe. Ukihama, hama nayo. Mtoto akizaliwa nyumbani, au mtu akifia nyumbani, mwambie mhudumu wa afya wa kijiji na mtendaji. Asiyeandikwa hayumo katika hesabu, na dawa hupangwa kwa hesabu.

Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu. Siku hiyo simama uiulize kamati ya zahanati maswali mawili. Miezi mitatu iliyopita tumeugua nini zaidi? Dawa gani iliisha, na iliisha kwa siku ngapi? Majibu yamo katika vitabu vile vile mganga anavyoandika wewe ukiwa kwenye foleni. Wakijibu kwamba hawajui, waombe wavifungue hapo hapo mkutanoni wahesabu, bila kusoma jina la mgonjwa hata mmoja.