Faida Ipo, Pesa Haipo: Jinsi ya Kusimamia Mzunguko wa Fedha

Biashara inaweza kuwa na wateja wengi, ikauza kwa faida, na bado ikafungwa kwa sababu siku ya kulipa hapakuwa na pesa mkononi. Jambo hilo hilo linaweza kuiangusha benki. Wataalamu wa fedha huita uwezo wa kulipa kila deni siku linapodaiwa kuwa ni ukwasi. Kwa mfanyabiashara wa Migori au Homa Bay, ambako mapato hufuata msimu wa samaki, wa miwa na wa mvua, kuelewa jambo hili ni muhimu kama kujua bei ya soko.

Faida si pesa taslimu

Chukua mfano wa mama anayenunua omena ufuoni Sori na kuiuza mjini Migori. Ametumia shilingi 40,000, nauli ikiwemo, na ameuza mzigo wote kwa shilingi 52,000. Kwenye daftari faida ni shilingi 12,000. Lakini nusu ya mzigo ameuza kwa mkopo, na wateja wameahidi kulipa baada ya siku 30. Mkononi ana shilingi 26,000. Akitoa 6,000 za matumizi ya nyumbani, anabaki na 20,000. Safari ijayo ataweza kununua nusu tu ya mzigo wa kwanza, ingawa hajapata hasara yoyote.

Wengi hufika hapo na kukimbilia mkopo wa simu. Mkopo wenyewe si kosa. Tatizo ni tarehe. Mkopo wa kibinafsi wa Hustler Fund, kwa mfano, ulipozinduliwa Novemba 2022 uliwekewa muda wa siku 14. Mama huyu akikopa leo, atadaiwa siku ya 14, ilhali wateja wake watalipa siku ya 30. Katika siku hizo 16 za katikati ndimo mtaji huliwa, au mkopo wa pili huchukuliwa ili kulipa wa kwanza.

Wakala wa M-Pesa anaijua hali hii kwa namna nyingine. Asubuhi, wavuvi wakishauza samaki, wengi huja kuweka pesa. Floti ya wakala inaisha huku droo ikijaa noti. Mwisho wa mwezi wateja huja kutoa, noti zinaisha huku floti ikijaa kwenye simu. Mali yake haijapungua hata shilingi moja, ila iko mahali pasipotakiwa kwa saa hiyo, na mteja anaenda kwa jirani. Wakala mzoefu hujipanga tangu jana yake, kwa kuwa anajua siku za soko na siku za mishahara.

Benki nayo hupungukiwa

Benki haiweki pesa zote za wateja kwenye sefu. Sehemu kubwa hukopeshwa watu wa nyumba, magari na biashara, na hurudi polepole kwa miaka. Wenye akaunti, kwa upande wao, wanaweza kudai pesa zao wakati wowote. Ndiyo maana Benki Kuu ya Kenya huzitaka benki ziwe na mali inayogeuzwa pesa upesi, kama vile noti na hati za serikali, isiyopungua asilimia 20 ya amana. Sacco zinazopokea amana za kutolewa wakati wowote zinatakiwa na SASRA ziwe na angalau asilimia 15.

Kinga hiyo haitoshi wateja wote wakija kwa pamoja. Aprili 2016, wakurugenzi wawili wa Chase Bank walijiuzulu na uvumi ukaenea katika mitandao ya kijamii. Wateja walikimbilia kutoa pesa, na tarehe 7 Aprili Benki Kuu iliiweka benki hiyo chini ya mrasimu. Ilifunguliwa tena tarehe 27 Aprili chini ya usimamizi wa KCB, na wenye amana wakaruhusiwa kutoa hadi shilingi milioni 1. Wenye kiasi kikubwa zaidi walisubiri. Wafanyabiashara waliokuwa na mishahara ya kulipa walijikuta na pesa wasizoweza kuzigusa.

Kuandaa kalenda ya pesa

Njia rahisi ya kuzuia matatizo haya ni kalenda ya pesa. Inahitaji daftari na kalamu tu:

1. Andika wiki 12 zijazo. Kwa kila wiki, weka pesa zitakazoingia na zitakazotoka: kodi ya duka, karo, mishahara, mkopo, bidhaa.

2. Andika pesa siku itakayopokelewa, si siku bidhaa ilipouzwa. Deni la mteja si pesa mpaka lilipwe.

3. Tia alama kwenye wiki zenye upungufu, kisha anza kujiandaa mapema. Uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa kuanzia Aprili hadi Julai, kwa hiyo muuzaji wa omena huweka akiba kuanzia Januari. Miwa ya Awendo huchukua takriban miezi 18 kukomaa, kwa hiyo mkulima huhitaji mapato mengine, kama mahindi, maharagwe au maziwa, ya kumvusha.

4. Linganisha muda wa mkopo na muda wa mapato. Mkopo mfupi haufai kwa pesa zitakazochelewa.

5. Weka kikomo cha kuuza kwa mkopo, na uandike jina, kiasi na tarehe ya kulipa. Mwenye deni la zamani alipe kwanza kabla ya kuongezewa.

6. Tenga pesa za nyumbani na za biashara, hata kama ni kwa laini mbili za simu.

Wanaouzia serikali za kaunti wanahitaji tahadhari zaidi. Mgao wa kaunti hutoka Hazina ya Kitaifa kwa awamu, na ukichelewa, malipo ya wauzaji huchelewa pia. Anayetimiza LPO kwa mkopo wa miezi miwili ajiulize mapema atalipa vipi iwapo pesa zitachukua miezi sita. Ankara na stakabadhi ya kupokelewa kwa bidhaa ziwasilishwe mara moja, na nakala zihifadhiwe.

Akiba iwekwe wapi?

Kabla ya kuweka pesa, mwananchi ahakikishe benki iko katika orodha ya Benki Kuu, au Sacco iko katika orodha ya SASRA inayotolewa kila mwaka. Benki ikianguka, Shirika la Bima ya Amana, KDIC, humlipa kila mteja hadi shilingi 500,000. Kiwango hicho kilipandishwa kutoka 100,000 Julai 2020. Bima hiyo haihusu amana za Sacco wala pesa za chama zilizo mikononi mwa mweka hazina.

Biashara ambayo pesa zake zote ziko mahali pamoja hukwama mahali hapo panapofungwa. Akiba ya matumizi ya mwezi mmoja, iliyo mahali pa kufikiwa siku hiyo hiyo, humpa mfanyabiashara nafasi ya kungoja mteja alipe bila kuuza mzigo wake kwa hasara.