Umedahiliwa Vyuo Zaidi ya Kimoja? Nafasi Haijawa Yako Hadi Uithibitishe

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka, majina ya waombaji waliodahiliwa kusoma shahada ya kwanza yanapotangazwa, wapo vijana wanaojikuta wamepata nafasi katika vyuo viwili, vitatu au zaidi. Familia hushangilia na jamaa hupiga simu za pongezi, kisha siku zinapita. Baadhi yao huamini kwamba, kwa kuwa vyuo vyote vimewakubali, wanaweza kusubiri hadi siku ya kuripoti ndipo waamue. Imani hiyo inaweza kumgharimu mwombaji nafasi zote alizopata.

Hali hii inatokana na utaratibu wa udahili uliopo. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, waombaji wa shahada ya kwanza nchini hutuma maombi moja kwa moja katika vyuo wanavyovitaka, badala ya kupitia mfumo wa pamoja uliokuwa ukisimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kila chuo huchagua waombaji wake bila kujua vyuo vingine vimemchagua nani. Majina yanapofika TCU kwa ajili ya uhakiki, ndipo hubainika kwamba mtu mmoja ameshika nafasi kadhaa.

Mwombaji wa aina hiyo hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja tu, ndani ya muda unaotangazwa na Tume. Hutumiwa namba maalumu ya siri kwa ujumbe mfupi wa simu au barua pepe, kisha huingia katika akaunti yake ya udahili ya chuo alichokichagua na kuijaza namba hiyo. Asiyeipata anaweza kuomba itumwe tena kupitia akaunti hiyohiyo.

Hapa lipo jambo dogo linalowakwamisha wengi. Vijana wengi hufanyiwa maombi na wahudumu wa steshenari, na wakati mwingine namba ya simu au barua pepe inayojazwa si ya mwombaji. Namba ya siri ikitumwa, humfikia mtu mwingine. Ni muhimu mwombaji atumie namba yake mwenyewe, ahifadhi nywila zake, na asimpe mtu yeyote namba ya siri aliyotumiwa, hata akiahidiwa kusaidiwa. Mwenye namba hiyo ndiye mwenye uwezo wa kuamua atakaposoma.

Uthibitisho una maana pia kwa watu wengine. Kila programu ina idadi maalumu ya wanafunzi inayoruhusiwa kudahili. Kijana mmoja akishikilia nafasi tatu, vijana wawili wenye sifa wanaweza kuwa nje wakisubiri. Nafasi zinazoachwa wazi huwezesha vyuo kudahili wengine katika awamu zinazofuata.

Je, achague vipi?

Jambo la kwanza ni programu ya masomo, kabla ya jina la chuo. Mhitimu wa udaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika baada ya kutimiza masharti, ikiwamo mafunzo kwa vitendo, awe amesoma Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza au Moshi. Mhandisi naye husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kijana anayetaka uuguzi, lakini akachagua programu asiyoipenda kwa sababu tu chuo chake ni maarufu, amejiongezea safari. Jambo la kuhakikisha ni kwamba programu husika inatambuliwa na TCU na imo katika mwongozo wa udahili wa mwaka huo.

Pili, familia ipige hesabu ya miaka yote, si ya mwaka wa kwanza pekee. Tuchukue mfano wa programu mbili. Ya kwanza ina ada ya shilingi 1,500,000 kwa mwaka na husomwa kwa miaka mitatu. Jumla ni shilingi 4,500,000. Ya pili ina ada ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka, lakini husomwa kwa miaka minne. Jumla ni shilingi 4,800,000. Iliyoonekana nafuu imekuwa ghali zaidi, na hapo hatujahesabu chakula, malazi na nauli za mwaka huo wa nne. Hii haina maana kwamba programu ndefu iachwe, kwani udaktari husomwa kwa miaka mitano na hauna njia ya mkato. Maana yake ni kwamba mzazi ajue mapema atabeba mzigo kwa muda gani.

Tatu ni mkopo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) hupanga mikopo kwa wenye uhitaji waliodahiliwa, na fedha za ada hulipwa chuoni. Mwombaji ambaye bado ana vyuo viwili hajaonesha fedha hizo zipelekwe wapi, hivyo kuchelewa kuthibitisha kunaweza kuchelewesha pia mpango wake wa mkopo. Ikumbukwe kuwa mkopo si ruzuku: mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe. Kwa upande wa waliofaulu kwa kiwango cha juu katika tahasusi za sayansi, wapo wanaonufaika na Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa kuwa ufadhili huo hutolewa kwa watakaosoma fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba, kubadili programu kunaweza kumwondolea mtu sifa. Masharti yake yasomwe kabla ya kuthibitisha, si baada.

Nne ni mazingira ya kujifunzia na kuishi. Anayesoma kilimo aulize kuhusu mashamba ya mafunzo. Anayesoma tiba aulize kuhusu hospitali ya kufundishia. Mwenye ulemavu aulize kama majengo na vifaa vinamfaa. Aulize pia kama kuna mabweni, na nani hupewa kipaumbele. Ofisi za udahili zipo kwa ajili ya kujibu maswali hayo, na wanafunzi wanaoendelea na masomo wana majibu ambayo hayamo katika vipeperushi.

Mzazi ana haki ya kusema uwezo wake unaishia wapi, na ni vema aseme waziwazi kwa tarakimu. Hata hivyo, atakayekaa darasani kwa miaka hiyo ni kijana, na uamuzi uliofanywa bila kumsikiliza mara nyingi hurudi nyumbani katika sura ya kuacha masomo au kuomba kuhama.

Kuhama kunawezekana, ndani ya chuo au kwenda chuo kingine, lakini kwa muda na utaratibu uliowekwa, na pale tu mwombaji anapokuwa na sifa na nafasi ikawepo. Si jambo la kutegemea wakati wa kuchagua.

Mwombaji mwenye udahili zaidi ya mmoja anashauriwa kukaa na familia mara tu majina yanapotoka, kuandika gharama za kila programu kwenye karatasi moja, kupiga simu ofisi za udahili za vyuo husika, na kuthibitisha siku kadhaa kabla ya mwisho, kwa kuwa mitandao huelemewa siku za mwisho. Akishathibitisha, aingie tena katika akaunti yake kuona kama uthibitisho umepokelewa, na ahifadhi nakala. Tarehe rasmi hutangazwa katika tovuti ya TCU, www.tcu.go.tz, na katika tovuti za vyuo. Ujumbe unaosambazwa kwenye makundi ya simu bila chanzo usifuatwe kabla ya kulinganishwa na matangazo hayo.